Shilingi 129 kwa saa: mwongozo kamili wa kucheza poka ya senti mtandaoni ukiwa Mbeya

Dukani kwangu Mafiati, chini ya mashine ya fotokopi, kuna kaunta buku ya kwaya mbili ambayo wateja hudhani ni ya madeni. Ni ya poka. Humo kuna migao 31,400 niliyocheza mtandaoni kwa mwaka mmoja na nusu, kwenye meza za senti 1 na senti 2 za dola, na jumla yake hadi jana ni faida ya dola 21.60. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni 54,000. Nikigawa kwa saa nilizokaa, kama 419 hivi, napata shilingi 129 kwa saa. Kopi moja ya karatasi natoa kwa 100.

Basi kama umekuja kutafuta ajira, nenda kapakie viazi Uyole, utafika mbali zaidi. Nimeandika kwa ajili ya mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu, aliyekulia kwenye lasti kadi, anayependa karata na asiyetaka zimharibie nyumba. Senti zenyewe haziumi sana. Kinachouma ni kukaa wiki tatu unapoteza bila kujua kama unacheza vibaya au karata zimekukataa tu. Hilo ndilo nililohangaika nalo, na hatua nyingi hapa chini zinalihusu.

Maneno nitakayotumia ni haya. Poka ninayoizungumzia ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunguliwa tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya kila mgao wachezaji wawili wanalazimika kuweka hela: mmoja blaindi ndogo (senti 1 kwenye meza zangu), mwingine blaindi kubwa (senti 2). Zamu yako ikifika unaweza kufuata, kupandisha, kutupa, au kupisha kama hakuna aliyeweka dau. Kuweka dau kubwa huku huna kitu ni kupiga mkwara. Hela zilizorundikana katikati ni mzigo. Kiasi unachokaa nacho mezani ni kiingilio, na kwa kawaida ni blaindi kubwa 100, yaani dola 2 kwenye meza ya senti 2. Shilingi 5,000.

Hatua ya 1: Anza na maharage

Usiweke hata senti kabla hujacheza migao kama 1,000 bila hela. Programu nyingi zina meza za chipsi za bure, lakini pale watu wanasukuma zote kila mara kwa kuwa hawana cha kupoteza, kwa hiyo utajifunza vitufe tu. Kaa na watu. Mimi na shemeji yangu tulitumia maharage: ya njano senti 1, mekundu senti 5, na punje ya mahindi senti 25. Tulicheza jioni za Juni, Mbeya ikiwa na ile baridi ya kuvaa sweta ndani ya sweta, mpaka tukaacha kuchungulia karatasi kuona kama flashi (karata tano za aina moja, kopa tupu kwa mfano) inaipiga stret (tano zinazofuatana). (Inaipiga.) Siku moja nilirudi nyumbani nikakuta mtaji wote umo kwenye kande. Mama watoto hakuomba radhi, wala sikuona sababu ya kumdai.

Hatua ya 2: Angalia leseni, kisha jaribu kutoa hela

Michezo hii nchini iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kabla ya kujisajili popote, hakikisha kampuni ina leseni na inapokea wachezaji wa Tanzania. Kama haipokei, usijifiche kwa VPN. Utaingia vizuri, utacheza vizuri, na siku ya kutoa hela watakuomba kitambulisho. Hapo akaunti inafungwa na salio linabaki kwao, na huna pa kushtaki kwa sababu masharti uliyoyakubali yalikuwa yanakukataza.

Kuna na yale makundi ya simu, ambapo "wakala" anakusanya hela kwa namba yake binafsi halafu anakugawia chipsi. Mmoja alikaa na 20,000 yangu. Aliniambia mfumo uko kwenye matengenezo, nadhani hadi leo bado unatengenezwa.

Ukishapata pa kuaminika, soma masharti ya kutoa hela, weka kiasi kidogo, cheza kile wanachokidai, kisha toa. Angalia inachukua siku ngapi na makato ni kiasi gani, ya kampuni, ya simu au benki, na ya kubadili fedha. Ndipo uweke mtaji kamili. Bonasi ya kukaribishwa iache kama huelewi masharti yake, maana mara nyingi inataka ucheze sana kwa muda mfupi, na hicho ndicho hasa hutakiwi kufanya.

Hatua ya 3: Tenga mtaji, uuhesabu kama umeshapotea

Meza ya senti 2 inataka viingilio 30, yaani dola 60, shilingi 150,000. Mimi nilianza na 20, shilingi 100,000, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo, na mwezi wa Novemba nilijuta. Huna? Subiri, endelea na maharage. Hela ya ada haiingii hapa, wala ya kikoba, wala ya mbolea. Mkopo wa simu ndiyo kabisa usiuguse: ada yake peke yake inazidi faida ya mchezaji mzuri kwenye meza hizi.

Mtaji ukae kwenye laini au akaunti yake, usichanganyike na ya dukani. Ukishuka hadi nusu, simama mwezi mzima. Hakuna kuongezea.

Hatua ya 4: Tupa, tupa, tupa, kisha weka dau kubwa

Kwenye meza ya watu sita, karata za kucheza ni kama mgao mmoja kati ya mitano. Zilizobaki tupa, hata kama umechoka kutupa. Ree mbili zinakuja kwa wastani mara moja kwa kila migao 221, kwa hiyo usikae ukizisubiri hizo tu: cheza jozi zote, ree na karata kubwa, mfalme na malkia, na karata zinazofuatana za aina moja ukiwa umekaa mwishoni. Kukaa mwishoni kuna maana kubwa, kwa sababu unawaona wenzako wote wakiamua kabla yako.

Anayetoka kwenye kubeti mpira ananiuliza kila mara mkwara unapigwaje. Kwenye meza za senti, karibu usipige kabisa. Wengi wanafuata kila kitu kwa udadisi tu wa kuona unacho nini, na kumtishia mtu wa namna hiyo ni sawa na kumpigia honi ng'ombe aliyelala barabarani. Hela inatoka kwake kwa njia nyingine: ukiwa na karata nzuri, unamtoza. Mfano wa wiki iliyopita. Nina ree na malkia, mezani zimefunguka ree, 7 na 4. Mzigo una senti 15. Nikaweka 10, akafuata. Ya nne ikaja 9, mzigo sasa 35, nikaweka 25, akafuata. Ya tano ikaja 2, mzigo 85, nikaweka 60, akafuata na kufunua 7 na 5. Jozi ndogo ya katikati, na aliilipia senti 95. Ningepisha kwa woga ningepata senti 15 zilizokuwepo.

Kinyume chake nacho kiko hivyohivyo. Mtu aliyekuwa anafuata kimya kimya tangu mwanzo akipandisha ghafla kwa nguvu kwenye karata ya tano, mwamini na utupe. Nimelipa sana "nimwone tu", na sijawahi kuona la maana.

Hesabu moja tu uijue kwa kichwa. Una karata nne za aina moja, unasubiri ya tano ya flashi, na imebaki karata moja kufunguliwa. Zinazokufaa ni 9 kati ya 46 usizozijua, yaani chini kidogo ya asilimia 20. Mzigo una senti 30, mpinzani anaweka 15. Unatakiwa kulipa 15 ili ugombee jumla ya 60, hiyo ni robo, asilimia 25. Unalipa robo kununua kitu cha chini ya humusi. Tupa, isipokuwa una uhakika kwamba ukiipata atakulipa zaidi. Kama zimebaki karata mbili na hela zote zinaingia sasa hivi, nafasi yako ni kama asilimia 35, na hapo kufuata kunaanza kuwa na maana.

Hatua ya 5: Ijue kamisheni

Nyumba inakata sehemu ya kila mzigo, mara nyingi karibu asilimia 5 na kikomo chake. Mzigo ukiisha kabla ya zile karata tatu kufunguliwa, kwa kawaida hawakati. Mzigo wa dola 4 ukikatwa asilimia 5, zinaondoka senti 20, sawa na blaindi kubwa 10. Mchezaji mzuri wa meza hizi akipata faida ya blaindi 5 kwa kila migao 100, basi kato hilo moja ni jasho la migao 200. Watu sita wenye uwezo sawa wakikaa meza moja mwaka mzima, kwa wastani kila mmoja anaondoka na hasara. Chagua meza yenye watu wanaofuata ovyo. Ukiangalia dakika kumi hujamwona hata mmoja, hama.

Hatua ya 6: Daftari

Programu nyingi zinakuwekea historia ya migao, lakini andika kwa mkono. Safu zangu ni tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya migao, nimeingia na kiasi gani, nimetoka na kiasi gani. Safu ya mwisho inaitwa "Nani?"

Hiyo ya mwisho inajazwa hivi. Baada ya kikao, fungua historia na uchukue hasara tatu kubwa. Funika matokeo kwa kiganja, kweli kabisa, weka kiganja juu ya skrini, uone tu mpaka pale hela zilipoingia. Jiulize: kwa nilichokuwa najua wakati ule, ningefanya hivyo tena? Kama ndiyo, andika K, karata. Kama hapana, andika M, mimi. Bila kiganja utajidanganya pande zote mbili. Ukishinda kwa upumbavu utajiita fundi, na ukishindwa ukiwa sahihi utaacha kucheza sawasawa.

Kurasa zangu 20 za kwanza zilikuwa na M nyingi kuliko K. Hilo nililitegemea. Nilichokuja kukigundua nikipitisha kidole kwenye safu ya saa ni kwamba karibu M zote zilikuwa baada ya saa 5 usiku. Duka nafungua saa 1 asubuhi, kwa wanafunzi wanaokuja na fomu. Nilikuwa mchezaji mmoja kabla ya saa 5 na mtu mwingine baada yake. Siku hizi simu inawekwa kabatini saa 4 kamili, na mabadiliko hayo yameniokolea hela kuliko chochote nilichojifunza kuhusu karata.

Hatua ya 7: Nuksi ikija

Itakuja. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili, hela zote ndani kabla ya kufungua, zinashinda kama mara 82 kati ya 100. Zile 18 zilizobaki hazikupangiwa siku. Zinaweza kuja mbili kwa jioni moja.

Chukua mchezaji mzuri, yule wa faida ya blaindi 5 kwa migao 100. Kuyumba kwa kawaida kwenye mchezo huu ni kama blaindi 90 kwa kila migao 100. Akicheza migao 10,000, faida anayotegemea ni viingilio 5, lakini kuyumba kwake ni viingilio 9 (migao ikizidi mara 100, kuyumba kunazidi mara 10 tu, kwa kuwa bahati na nuksi zinafutana). Maana yake, wachezaji kumi wenye ufundi huohuo wakimaliza migao 10,000 kila mmoja, karibu watatu watakuwa na hasara. Na migao 10,000, kwa meza moja na saa moja kila usiku, ni zaidi ya miezi minne. Miezi minne unacheza vizuri na uko chini! Hakuna mkulima wa Rungwe anayeweza kuvumilia hivyo bila kushika jembe jingine. Ndiyo maana safu ya "Nani?" ni muhimu kuliko safu ya hela. Novemba yangu ilinila viingilio 11, na K zilikuwa zimejaa ukurasa. Niliendelea bila kubadili kitu. Lakini niliendelea kwa sababu nilikuwa na ushahidi wa maandishi, moyo wenyewe ulishakataa.

Kupagawa ni jambo jingine, na ndiko hela nyingi zinakopotelea. Usiku mmoja wa Julai nimejifunika blanketi, nina wafalme wawili, nimepandisha, mtu wa mbele yangu kapandisha tena. Umeme ukakata mtaa mzima. Kisanduku cha intaneti kikazima. Nahangaika kuwasha bando la simu, vidole vimeganda, saa ya mezani inahesabu. Programu ikirudi, nakuta karata zangu zimetupwa zenyewe, maana muda ukiisha na kuna dau mbele yako, unahesabiwa umetupa. Sikupoteza hata senti 10. Lakini niliona nimeibiwa, nikafungua meza mbili nyingine kwa hasira, na ndani ya dakika 40 viingilio vitatu vilikuwa vimekwenda. M, M, M. Moja nilifuata dola nzima nikiwa na jozi ya nne kwa ukubwa mezani.

Tangu siku ile upotevu ukifika viingilio vitatu kwenye kikao, nafunga, hata kama zote ni K. Nacheza meza moja tu. Chaji ikiwa chini ya asilimia 30 sianzi, na bando la simu liko tayari hata kama intaneti ya nyumbani inafanya kazi. Dalili zangu za kupagawa nazijua: nabonyeza kabla saa haijaanza kuhesabu, na naanza kumsema mpinzani kwa sauti. Mama watoto akisikia "wewe jamaa wewe" kutoka sebuleni, anakuja kuchukua simu. Tumekubaliana hivyo, na ana haki ya kuichukua hata kama nina ree mbili.

Hatua ya 8: Neema ni hatari kuliko nuksi

Februari ilinipa viingilio 14. Kila flashi inaingia, kila jozi inageuka tatu. Mtaji ukafika dola 68, nikaona meza za senti ni za watoto. Kanuni ninayokuandikia hapa ni viingilio 30 vya meza unayokwenda: meza ya senti 2 na 5 kiingilio chake ni dola 5, basi unahitaji dola 150. Mimi niliiruka hata hiyo. Nikaenda ya senti 5 na 10, kiingilio dola 10, nikiwa na viingilio visivyofika saba. Jumamosi mchana, redio inatangaza mpira, nikapoteza vitatu. Dola 30.

Ukurasa huo upo, nimeubana kwa klipu peke yake mwisho wa daftari, na zile 21.60 za mwanzo ni za meza za senti 1 na 2 tu. Ukifungua klipu ukajumlisha, jibu ni hasara ya dola 8.40. Nilitaka uijue hesabu hii kabla hujamhadithia mtu kwamba kuna fundi wa fotokopi Mafiati anakula hela za Wazungu.

Dola 150 sijawahi kuzifikisha.

Hatua ya 9: Kutoa, na kuacha

Kila mwisho wa mwezi, kilichozidi mtaji nusu yake kitoke, hata kama ni shilingi 6,000 tu, ilimradi makato hayaimezi. Inunue kitu cha kushikika. Ya kwangu ya kwanza ilinunua rimu ya karatasi isiyofika nusu, iliyobaki nikaongezea.

Acha kabisa ukijikuta unaficha simu mtu akiingia, unakopa ili kurudisha, unakaa mezani wakati wa kazi, au unaacha kuandika daftari kwa sababu hutaki kuona jumla. Kuacha kunafanywa hivi: toa salio lote, chukua picha ya skrini ya muamala, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kujizuia mwenyewe, au waandikie huduma kwa wateja wakufungie kwa muda mrefu unaoruhusiwa, halafu futa programu. Fuata mpangilio huo. Ukifuta programu kwanza, unairudisha usiku wa manane kwa dakika mbili.

Rafiki yangu wa mbao, yuko Mafinga, alifanya hivyo mwezi wa Juni. Alikuwa mchezaji bora kuliko mimi, faida yake ilikuwa ya kweli bila klipu yoyote, ila alianza kukosa kuwa kiwandani lori linapopakiwa. Akija Mbeya huwa anapita dukani jioni, tunafunga mlango nusu, natoa kopo la maharage. Ya njano bado ni senti 1. Ananifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika, na safu ya "Nani?" imejaa M.